Kaka anataka kuikata, mama hataki kuiona: nifanye nini na pikipiki ya baba?

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Barani hapa Malindi, na kazi yangu ni kuuza spea za pikipiki dukani mjini. Nakuandikia kwa sababu nyumbani tumegawanyika juu ya pikipiki ya marehemu baba, na kaka amesema wiki ijayo analeta fundi mwenye grainda.

Baba alikuwa dereva na fundi wa tajiri mmoja aliyekuwa akikaa upande wa Casuarina. Tajiri huyo alipenda sana motokrosi, yaani mbio za pikipiki za njia za udongo, akienda mpaka Jamhuri Park kule Nairobi kushindana. Alipofunga mizigo kurudi kwao miaka ya themanini, alimuuzia baba pikipiki yake moja kwa bei ya kirafiki. Waliandikiana karatasi ya mkono, na karatasi hiyo ninayo. Pikipiki yenyewe ni Yamaha YZ250E ya mwaka 1978.

Nilipopata akili nilimkuta baba bado anaipanda Jumapili, njia za Ganda na Kakuyuni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia spana na kumchanganyia petroli na oili. Nilipokuwa darasa la sita alianguka, akavunjika mguu, na tangu siku ile mama hakukubali itoke tena. Imekaa bandani, imefunikwa kipande cha tanga, mpaka baba alipofariki mwaka jana.

Sasa kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwendesha bodaboda, anataka kuitoa injini, akate na kuchomelea fremu, atie injini ya Boxer 150 ili apate pikipiki ya pili ya kazi. Mdogo wetu wa mwisho ameleta mnunuzi wa vyuma chakavu anayetoa shilingi 6,000 kwa kila kitu. Mama yeye anasema chuma kilichomvunja mumewe hakitamvunja mwanawe, kiondoke tu, kwa njia yoyote. Ni mimi peke yangu ninayetaka kuifufua na kuipanda.

Hali yake ni hii. Kiki haishuki kabisa. Petroli ya zamani imeganda ndani ya tangi na kabureta. Vifuniko vya pembeni mwa injini vimetoa unga mweupe na kuna vishimo. Fundi wa kaka anasema dawa ni kuivuta kwa pikapu ikiwa ndani ya gia mpaka injini iachie, au tuipige pistoni nyundo.

Nauliza: inafufuka? Nianzie wapi? Nimekosea, mimi mtoto wa kike, kuidai mbele ya kaka zangu? Na ikiwaka, naweza kuipanda pwani upande wa Mambrui maji yakipwa, pale mchanga unapokuwa mpana na mgumu?

Binti wa Barani

JIBU

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako.

Inafufuka. Lakini leo hii, kabla hujafika mwisho wa jibu langu, nenda bandani ukaambie kila mtu: hakuna kupiga kiki, hakuna kuvuta kwa pikapu, hakuna nyundo. Injini ya tustroki iliyolala miaka mingi karibu na bahari haikwami pistoni peke yake. Beringi za krankshafti na za mkono wa pistoni zimekaa bila oili, kwa sababu katika injini hii oili yote huingia pamoja na petroli, na petroli ilipokauka hapakubaki cha kuzilinda. Ukiivuta kwa nguvu, ringi zilizoshikana na silinda zitavunjika na kuikwaruza silinda kutoka juu hadi chini, na vile vipande vitaingia kwenye beringi. Hapo utakuwa umeua kitu ambacho kilikuwa kimelala tu.

La pili la haraka ni hiyo grainda. Pikipiki hii ina shokabsoba (kwa kifupi shoka) moja tu ya nyuma, ndefu, imelala chini ya tangi kuelekea kwenye shingo ya steringi. Ndani yake mna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa. Mtu akiikata, au akichomelea fremu ikiwa bado imo ndani, inaweza kulipuka na kumwumiza vibaya. Mwambie kaka yako hilo kwanza, kabla ya maneno mengine yoyote, maana yeye ndiye atakayekuwa amesimama karibu.

Na umweleze shoka hiyo ni nini. Ilibuniwa na Mbelgiji aitwaye Lucien Tilkens wakati karibu pikipiki zote za mashindano zilikuwa na shoka mbili fupi pembeni mwa gurudumu la nyuma. Yamaha wakaichukua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akawa bingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la cc 250, akiwa juu ya pikipiki yenye shoka hiyo. Mwaka 1975 ikaanza kuuzwa kwenye YZ za dukani. Miaka michache baadaye hakuna kampuni iliyoweza kushindana bila kufuata njia hiyo ya shoka moja, na hata leo pikipiki za motokrosi zinakwenda hivyo. Herufi E kwenye jina ni ya mwaka 1978, kwa hiyo unachokiona bandani ni kizazi cha mwanzo cha mapinduzi hayo, na kimekaa Barani chini ya kipande cha tanga. Shilingi 6,000 ni bei ya uzito wa chuma. Mnunuzi yule hakudanganya, ametaja bei ya kitu anachokijua.

Sasa kuhusu haki yako. Kwa vile baba yenu amefariki, pikipiki ni mali ya mirathi kama kiwanja au ng'ombe. Si ya kaka kwa kuwa ni mkubwa, wala si yako kwa kuwa ulishika spana. Kwa mirathi ya Kiislamu, mama ana thumuni yake, yaani fungu moja kati ya nane, na kinachobaki ni chenu watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Fungu lako ni dogo kuliko la kaka, lakini ni lako kamili, na hakuna awezaye kulikata kwa grainda bila idhini yako. Hukukosea hata kidogo kulidai. Ningekuwa jirani yenu ningekuja kulisema hilo barazani mbele ya kaka zako.

Fanyeni hivi: kaeni, ipatieni bei ya haki kutoka kwa mtu anayezijua pikipiki hizi, kisha wewe uwalipe wenzako mafungu yao, kidogo kidogo kama hapana budi, au yakatwe katika fungu lako la mali nyingine. Andikeni, mweke sahihi, pawe na mashahidi wawili wasio wa nyumba. Mkishindwana, mahakama ya Kadhi ipo hapo hapo Malindi, na kwenda kwa Kadhi si ugomvi. Usinunue hata ringi moja kabla ya karatasi hiyo. Nimeona watu wakifufua mali ya urithi kwa jasho lao, halafu siku inapong'aa kila ndugu anakumbuka fungu lake.

Ile karatasi ya tajiri ilinganishe na namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na nyingine iliyoko kwenye injini. Piga picha zote. Namba za Yamaha za enzi hizo huanza na alama tatu za modeli, na namba za spea zake nazo huanza na alama tatu za modeli ambayo spea hiyo ilitengenezewa kwanza. Wewe ni muuza spea, utaona faida yake mara moja: utajua kipi ni cha YZ hii pekee na kipi kiliazimwa kutoka modeli ya kawaida iliyouzwa kwa wingi.

Kaka yako simlaumu. Anatafuta riziki. Lakini hesabu yake haifiki, na umwonyeshe kwa upole. Pikipiki ya motokrosi haina taa, haina kiashirio, haina pa kuwekea miguu ya abiria, na kiti chake kiko juu mno kwa mama mwenye buibui na kikapu cha samaki. Fremu yake ni ya bomba jembamba la chuma maalumu, halipendi kuchomelewa kwa fimbo za kawaida za mtaani. Atatumia pesa ya injini, ya fundi, ya waya, na mwisho wake atakuwa na kitu ambacho abiria hakipandi na polisi hawakipitishi. Pesa hiyo hiyo ni mwanzo mzuri wa amana ya Boxer nzima.

Tuingie kwenye injini.

Usimtafute fundi wa bodaboda. Wako mafundi hodari sana, ila wamekulia kwenye fostroki, injini za bodaboda. Shuka ufukweni kwa wavuvi umuulizie fundi wa mashine za boti. Hizo Yamaha zinazosukuma boti zetu nyingi ni tustroki. Fundi wake anaijua petroli inayopita chini ya pistoni, anaijua oilsili ya kranki (mpira wa kuzuia hewa na oili) inavyovuja, anazijua zile ndimi nyembamba za ridi zinazofunguka na kufunga nyuma ya kabureta. Kwenye YZ yako zimo vilevile. Mtu wa namna hiyo ataifungua injini yako bila woga.

Kwanza toa plagi, mimina ndani mchanganyiko wa oili ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, uache siku kadhaa, uongeze unapopungua. Asetoni inawaka upesi, basi fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara. Kisha fungua kifuniko cha sumaku, tia spana ndefu kwenye nati ya katikati, uisukume taratibu huku na huku. Ikisogea kidogo, simama, ongeza dawa, rudia kesho yake. Ikikataa kabisa, vua hedi na silinda, ugonge kwa kipande cha mbao laini tu. Ikiachia, usifurahi ukapiga kiki. Lengo lilikuwa ifunguke kwa usalama, si iwake.

Injini hii ifunguliwe yote. Oilsili mbili za kranki na beringi zake zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima, kwa kuwa mpira wa miaka arobaini na zaidi ni mgumu hata kama unang'aa. Mkono wa pistoni unahitaji mashine ya kubana na mtu mwenye kipimo cha kusomea sehemu za mia za milimita. Hiyo si kazi ya nyundo na macho. Kama Malindi hukumpata, peleka Mombasa. Silinda ipimwe juu, katikati na chini. Gusisha sumaku kwenye ukuta wake wa ndani: ikishika, ganda ni la chuma na linapanuliwa kufuata pistoni iliyozidi ya asili kwa milimita 0.25 au 0.50. Nunua pistoni kwanza, kisha silinda ikerezwe kuifuata pistoni uliyo nayo mkononi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Ikishafungwa, kabla ya petroli hata tone moja kuingia, ipime uvujaji wa hewa. Ziba mdomo wa eksozi na mdomo wa kabureta kwa mpira, jaza hewa ndani mpaka presha ya paundi 6 (psi), uone kama inakaa kwa dakika kadhaa. Huna geji? Ile mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu inatosha: mshale ukifika 300, hiyo ni karibu paundi 6. Pitisha maji ya sabuni kwenye maungio yote na pembeni mwa oilsili. Ukiona povu linafuka, umepata adui. Hewa ya wizi inapunguza petroli na oili kwenye mchanganyiko, pistoni inapata joto, inayeyuka, na kazi yote ya miezi inakwisha Jumapili moja. Oilsili ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi usiokwisha. Hayo mawili yatambue mapema.

Oili. Usichukue ile ya boti, hata ukipewa bure. Imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, zisizopata joto kali. YZ yako inapozwa kwa upepo tu, tena hapa kwetu. Tafuta kopo la oili ya tustroki lenye alama ya ubora ya JASO FD. Robo lita kwa petroli lita 8 ni kipimo cha 1 kwa 32, kinatosha kwa oili nzuri za leo. Vitabu vingi vya miaka ile viliandika 1 kwa 20, yaani nusu lita kwa lita 10, na kwa saa za mwanzo injini ikiwa mpya sitakukataza kuikaribia hiyo. Plagi ikitoka na rangi ya hudhurungi, uko sawa. Ikitoka nyeupe, zima, usiendelee hata mita moja mpaka ujue kwa nini.

Ule unga mweupe kwenye vifuniko ni dalili kwamba chumvi ya bahari inakula metali. Pikipiki nyingi za mashindano za enzi hizo zilitumia magnesi (metali ya magnesiamu) ili ziwe nyepesi, na magnesi na hewa ya Malindi havikai pamoja. Dondosha tone la siki mahali palipokwanguliwa: likichemka povu, ni magnesi, alumini haifanyi hivyo. Ikiwa ni magnesi, usiichovye kwenye asidi na usiipige grainda. Vumbi lake huwaka moto, na moto wake haumwagiwi maji, unazimwa kwa mchanga mkavu. Safisha kwa brashi laini, ioshe kwa maji ya bomba (visima vyetu vingi vina chumvi), ikauke, na rangi ya kwanza ipakwe siku hiyohiyo. Usiruhusu ilale uchi hata usiku mmoja.

Breki zake ni za ngoma, na viatu vya zamani huenda vina asbesto. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe. Shoka ya nyuma ipeleke kwa mtu mwenye vifaa vya kujaza nitrojeni, na usilegeze skrubu yake hata moja nyumbani. Matairi, kebo, spoku na cheni unavijua kunishinda, sitakufundisha kazi yako.

Nimemweka mama mwisho kwa sababu jambo lake ndilo zito. Alimuuguza mumewe. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumwonyesha jinsi tangi linavyong'aa. Lakini angalia, kuifufua pikipiki ni jambo moja na kuipanda ni jambo la pili, na wewe umeyaleta mbele yake yote kwa mara moja. Omba la kwanza tu. Mwambie unataka kuitengeneza, kwamba itakaa bila petroli, na hutaipanda bila radhi yake. Kisha utimize neno lako. Kazi yenyewe itachukua muda mrefu, na muda huo atakuwa anakuona bandani ukishika spana zilezile za baba. Akikataa hata hivyo, itengeneze uitunze bila kuipanda; bado itakuwa imeokoka.

Akiridhia, usianze na YZ. Injini hii huwa laini chini, halafu ghafla, kati ya mizunguko, nguvu zote hutoka kwa pamoja na gurudumu la mbele linapaa. Jifunze njia za mchanga kwa pikipiki ndogo ya 125 au hata bodaboda ya kaka (itakuwa sababu nzuri ya kupatana). Helmeti, buti ndefu, kinga za magoti, miwani, glavu. Suruali, na mtandio ufungwe ndani ya koti. Cheni ya motokrosi haina kifuniko. Usiende peke yako kamwe. Barabarani ipande juu ya pikapu, haina ruhusa ya lami.

Pwani ya Mambrui, hapana. Sikatai kwamba bamvua likipwa mchanga ule unaita. Lakini kasa hupanda fukwe zetu kutaga, mayai yamefukiwa juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, hayaonekani, na ili ushuke kwenye mchanga mgumu lazima uvuke hapo hapo. Mifuo ya matairi nayo huwanasa vifaranga usiku wanapokimbilia maji. Na upande wa kusini ndiko iliko hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Zaidi ya hayo, dakika chache za maji ya chumvi kwenye vile vifuniko zitarudisha unga uleule uliousafisha. Marafa nako, ndani ya yale magenge mekundu, usiingie. Udongo wake unabomoka kwa kuguswa tu. Rudi njia za baba yako: Ganda, Kakuyuni, mashamba ya ndani, kwa idhini ya mwenye shamba na mbali na nyumba za watu, kwa maana sauti ya tustroki haina adabu mchana wa kulala.

Mkishaandikiana nyumbani na silinda ikapimwa, nitumie vipimo vile vitatu, cha juu, cha katikati na cha chini, pamoja na namba ya injini. Nitakwambia uagize pistoni ya saizi gani.